Riwaya ya Magendo ya Karafuu Iliyonigombanisha na Mjomba Wangu

Mjomba wangu alikisoma kitabu changu kwa siku mbili. Siku ya tatu alikirudisha kwa mkono wa mdogo wangu, kimefungwa gazeti, bila barua wala salamu. Kwa miezi saba hakupokea simu yangu. Nayaandika haya kwa wenzangu wanaotaka kutunga riwaya za uhalifu ambazo msomaji hajui amshangilie nani, maana nilipoanza nilidhani ugumu wote uko kwenye utunzi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari hapa Unguja, lakini kwetu ni Pemba, upande wa Wete. Nilianza kuandika likizo ya Disemba 2018, msimu wa karafuu umepamba moto na kijiji kizima kinanukia. Nilitaka riwaya ya magendo. Kwa asiyezijua habari hizi: mnunuzi wa karafuu Zanzibar kisheria ni mmoja tu, shirika la Serikali. Ukivuka mkondo wa Pemba, safari ya usiku mmoja kwa upepo mzuri, upo Kenya, Shimoni au Vanga. Bei za pande mbili zikipishana sana, polo la karafuu, yaani gunia, huota miguu. Baada ya Mapinduzi ilifika wakati magendo ya karafuu yakawa kosa la kumtoa mtu roho, na bado watu walivuka. Miaka ya karibuni mkulima amepandishiwa bei na mambo yametulia kiasi, kwa hiyo hadithi yangu niliirudisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mkulima akipata sehemu ndogo tu ya ile bei ambayo Indonesia, mnunuzi mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, alikuwa akiitoa.

Sisi tuliosoma riwaya za upelelezi visiwani tuliingilia mlango wa Bwana Msa, mpelelezi wa vitabu vya Muhammed Said Abdulla. Abdulla, mtu wa Makunduchi, alishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na mwaka 1960 kikachapwa. Nilikisoma nikiwa mtoto na nikaona raha isiyosemeka, kwa sababu kila lililodhaniwa la mizimu lilirudi likawa la binadamu, na mwisho kila fundo likafunguka. Wenzetu wa bara walikuwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi anayeua, lakini anaua maadui wa ukombozi wa Afrika, basi msomaji analala usingizi wake. Nami nikataka mpelelezi wangu, nikamtoa mjini, nikamshusha bandarini Wete na begi lake.

Hapo ndipo nilipokwama mara ya kwanza. Mpelelezi hana kazi kijijini kwetu. Nani anavusha karafuu, kila mtu anajua. Mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Mwenye duka anajua kwa sababu ghafla deni limelipwa. Fumbo la pale ni jingine kabisa: nani atasema, amwambie nani, na akishasema ataishi vipi na majirani zake. Ilinichukua karibu miezi minne kuelewa kwamba swali la "nani kafanya" lilikuwa la vitabu nilivyovisoma, halikuwa la watu ninaowaandika. Nikamrudisha mpelelezi wangu bandarini, nikabaki na watu wawili: nahodha anayevusha karafuu na sajini wa doria anayemjua tangu utotoni.

Rasimu ya kwanza nahodha alikuwa shetani mtupu. Anapiga mke, anakunywa, anacheka peke yake. Nilimpa mwalimu mwenzangu asome, daftari nne za mkono. Alizirudisha akasema, "Mwalimu, huyu mtu wako anaamka asubuhi anakunywa ubaya badala ya chai." Nilinuna wiki nzima. Ninavyoona sasa, nilimfanya muovu kwa woga. Niliogopa nisije nikaambiwa nafundisha magendo, mimi mwalimu, na nikaona njia ya salama ni kumlaani mhusika mapema ili nami nisilaaniwe.

Rasimu ya pili nikaruka upande wa pili. Nahodha akawa kipenzi cha kijiji: anavusha karafuu za wajane, analipia watoto vitabu, anasimama dhidi ya bei ya dhuluma. Niliipenda sana rasimu hii. Msimu uliofuata nikaenda nayo Pemba, na usiku, tukiwa jamvini tunachambua karafuu, nikawasomea sura ya tatu. Aliyekuwa hajui kazi hii ni vigumu kumweleza utulivu wake: taa moja, rundo la karafuu mbichi katikati, mikono inakwenda yenyewe, karafuu huku, makonyo kule, na midomo iko huru kwa hadithi. Bibi mmoja, mchumaji wa maisha yake yote, alisikiliza hadi nikafunga daftari. Kisha akaniuliza, "Na wachumaji kawalipa shilingi ngapi kwa pishi?"

Sikuwa na jibu. Katika kurasa mia na arobaini sikuwa nimefikiri hata mara moja kwamba karafuu za nahodha lazima zilichumwa na mtu, kwamba mtu huyo alipanda mkarafuuni asubuhi na umande na akateremka na mgongo unauma. Bibi akaendelea, wala hakuwa na hasira. Alisema alishawahi kumchumia mtu wa magendo wiki tatu, mzigo ukakamatwa, nao hawakulipwa hata senti. Waende wapi kushitaki? Wamwambie nani kwamba walikuwa wanachuma mali ya kuvushwa? Yule mtu alikuwa mkarimu kweli, akasema, msibani kwake walijaa watu. Na pesa yao hawakuipata.

Kama kuna jambo moja ningependa ulichukue hapa, ni swali la yule bibi. Tulifundishwa kwamba mhusika mwenye utata hutengenezwa kwa kuchanganya: mpe ubaya nusu, mpe wema nusu, koroga. Nilijaribu, na kilichotoka ni mtu wa vipande. Siku nilipoanza kumuuliza kila mhusika umemlipa nani, na nani hukumlipa, utata ulikuja wenyewe. Nahodha alibaki mkarimu. Sikumpunguzia sadaka hata moja. Niliongeza tu wachumaji sita na daftari la hesabu, na mwanamke mmoja anayekuja mlangoni kila Ijumaa kuulizia chake, akipewa chai na maneno matamu.

Rasimu ya tatu iliniotesha mvi. Nilikaa siku nyingi Nyaraka, Kilimani, nikisoma magazeti na karatasi za zamani, na nawashauri mwende, maana mzee mmoja akikupa mwaka na mwengine akakupa mwaka, karatasi ndiyo itakayowapatanisha. Lakini sura iliyoubeba mswada mzima niliipata kwa kumfikiria sajini. Yupo doria usiku, wanalisimamisha dau karibu na Ras Kigomasha. Anamulika tochi. Chini ya nyavu yapo mapolo, na moja limeshonwa mdomo kwa namna anayoijua: mshono wa shazia, sindano ya magunia, wa mama yake, pindo mbili na fundo upande wa kushoto. Anazima tochi. Anawaambia wenzake ni wavuvi wa dago hawa, waachieni. Usiku ule ule upepo unachafuka, dau linajaa maji, na kijana mdogo kuliko wote hakuonekana tena.

Niliifuta sura hiyo mara nyingi kwa sababu sikujua nimhukumu vipi sajini. Angewakamata, yule kijana angekuwa hai gerezani. Amewaonea huruma, na huruma yake imezama na mtoto wa mtu. Ustadh mmoja ninayemheshimu aliisoma akaniuliza kwa upole kama sikuogopa kuihalalisha haramu. Nikamjibu kwamba kuonyesha si kuhalalisha. Jibu lilikuwa sahihi lakini lilikuwa jepesi, na nilipofika nyumbani niliona kwamba kuna kitu katika swali lake. Kuna waandishi, nami nilikuwa miongoni mwao, wanaouita utata kile ambacho kwa kweli ni kukwepa. Hujui unafikiri nini, basi unamwachia msomaji mzigo na kujiita msanii. Nikakaa na nafsi yangu hadi nikajua: naamini sajini alikosea. Alikula kiapo, na alikivunja kwa ajili ya wake tu, maana dau la mama wa mtu mwengine angelikamata. Neno hilo halimo kitabuni popote, lakini tangu nilipolijua mimi, kila sentensi ya sura ile ilikaa sawa.

Kuhusu neno la mwisho la kitabu, nitasema kidogo. Nilikuwa nimeandika ukurasa wa kufunga, umejaa mafunzo. Miaka kumi na mitano nimesimama darasani nikiuliza "ujumbe wa mwandishi ni upi?" na mkono wangu ulikuwa umezoea. Mhariri aliukata. Nilibishana naye, nikamwambia wanafunzi watapotea. Akaniuliza kama wanafunzi wangu hawajawahi kumwona mtu mwema akifanya baya nyumbani kwao. Ukurasa ukaondoka.

Uchapishaji wenyewe nausema kwa haraka, ila una maumivu yake. Nililipa milioni mbili na laki nne kwa nakala mia tatu, zote kwa mkupuo, kwa mchapaji niliyepewa jina lake na rafiki, bila mkataba wa maandishi. Kazi ya wiki sita ikaenda miezi minne. Vilipokuja, nakala thelathini na nane zilikuwa na kurasa zilizopinduliwa, na hakuna aliyenirudishia chochote. Lipa nusu kwanza. Dai nakala moja ya kuiona kwa macho kabla hazijachapwa zote, uipekue ukurasa kwa ukurasa. Na pesa ya kuzungushia vitabu iweke pembeni tangu mwanzo, kwa sababu mimi niliishiwa na nauli ya meli ya kuvipeleka Pemba, nikakopa kwa dada.

Sasa nifike kwa mjomba.

Kijana aliyezama hakuwa wa kutunga. Usiku mmoja wa mwaka 2019, wengine wamekwisha kulala, mjomba alinisimulia habari ya safari yake mwenyewe, ya ujana wake. Walikuwa wamepungukiwa na mtu wa kukumba maji. Akaenda akamwita kijana wa jirani, wa miaka kumi na minne. Kijana hakurudi. Kijijini ilijulikana kwamba mtoto aling'ang'ania mwenyewe, akajificha chini ya nyavu, wakamgundua wakiwa wamekwisha kufika kina kirefu. Hivyo ndivyo mjomba alivyosema siku ile, na hivyo ndivyo ilivyobaki kwa miaka arobaini. Kuwa alimwita, aliniambia mimi.

Nilidhani nimechukua tahadhari. Nilibadilisha majina yote, nikahamisha kijiji, nikamtia sajini ambaye hakuwahi kuwapo. Lakini niliacha shati. Mjomba alikuwa amesema yule kijana alivaa shati la kaka yake, kubwa, mikono imekunjwa mara tatu, na mimi mwandishi niliposikia hilo sikuweza kuliacha. Na niliacha nahodha akigonga mlango kumwita. Mjukuu wa mama wa yule kijana anasoma sekondari. Kitabu kilimfikia, akamsomea bibi yake. Alipofika kwenye shati, bibi alimwambia basi, funga.

Siwezi kuieleza aibu ile. Nilikuwa nimekaa miaka mitatu nikijiuliza nani kalipwa na nani hakulipwa ndani ya riwaya, na sikujiuliza mara moja mimi nimechukua nini kwa nani. Mjomba alinipa kitu kizito kuliko vyote alivyokuwa navyo, nami nikakipeleka sokoni kwa shilingi elfu kumi na mbili. Na nilikuwa na kisingizio tayari, kile kile cha nahodha: nia yangu ilikuwa njema.

Kwa hiyo wewe unayechukua habari za watu wako, hasa katika visiwa vyetu ambapo ukipiga chafya Micheweni unaombewa dua Mkoani, usitegemee majina. Jina halimtambulishi mtu. Kinachomtambulisha ni shati, ni kovu, ni namna ya kugonga mlango. Ukitaka kujua kama umemficha mtu kweli, ondoa kile kipande unachokipenda kuliko vyote, maana mara nyingi ndicho kilichokuwa chake. Na kabla hujachapa, kaa na aliyekusimulia, umsomee kwa sauti. Usimpe karatasi asome peke yake. Msomee, umtazame uso. Mimi nilikwepa kufanya hivyo. Nilijiambia nataka kumshtukizia kwa furaha, lakini ndani nilijua atakataa.

Mwanzoni mwa 2023 nilikwenda Pemba na mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa mjomba, kumwomba radhi mama wa yule kijana. Mama ndiye aliyebisha hodi. Tulimkuta barazani anasuka ukili. Nikamshika mkono, shikamoo bibi, akaitikia marahaba, akatukaribisha kitako, akaagiza maji. Niliyoyatayarisha njia nzima yaliniponyoka. Nikasema tu, bibi, nimekuja kuomba radhi kwa kitabu.

Alisuka pima nzima kabla hajasema. Kisha akauliza, "Yule askari aliyezima tochi. Walikutana naye kweli?"

"La, bibi. Huyo nimemtunga."

"Ah." Akauweka ukili mapajani. "Miaka yote sikuwa na wa kumlaumu ila Mungu, na Mungu halaumiwi. Niliposomewa habari ya yule askari nikasema, leo nimempata."

Nilibaki kimya. Mama yangu akajaribu kuyaingiza maneno ya mjomba, kwamba naye ana yake moyoni, kwamba alimwita kijana. Bibi akamkatiza. Alisema hilo alilijua tangu alfajiri ile, kwa sababu alisikia mlango ukigongwa na akayatambua mapigo. "Mchele wa Idd kila mwaka, miaka arobaini, mnadhani nilikuwa sijui ni wa nini?" Akauchukua ukili wake tena.

Nakala themanini na kitu zilizosalia nimezitoa madukani. Chapa ya pili, Mungu akipenda, haitakuwa na shati. Bibi hakuniomba niliondoe, na nilipomuuliza alisema fanya utakavyo, lakini nimejifunza kutoichukulia kauli hiyo kuwa ni ruhusa. Sajini nimekaa naye muda mrefu nikifikiri kama nimtoe pia. Nimemwacha. Bado sina hakika kama nimefanya sawa.

Haya unayoyasoma nimewasomea wote wawili kwanza. Bibi nilimsomea barazani kwake, akaniambia niondoe mambo mawili, nikayaondoa. Mjomba nilimsomea kwa simu, jioni, baada ya magharibi, nikiwa sijui kama atakata. Hakukata. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisahihisha kitu kimoja tu, cha kitabuni: nimeandika kaskazi ilikuwa imekwisha kuingia usiku ule, naye anasema bado, yalikuwa maleleji, upepo unakuja utakako, na ndiyo maana hawakuweza kugeuza dau.